Jibu Lililokubali Upesi

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Mama yangu alikuwa ananunua sangara sokoni Mwaloni, Kirumba, na hata samaki wa kaka yake wa tumbo moja alimfunua matamvua kwanza aone kama hajaoza. Tabia hiyo nimeirithi nzima nzima. Kwa hiyo nilipoirudia namba ya kompyuta, nikaona ni ileile iliyopimwa maabara, sikufurahi. Niliingiwa na wasiwasi.

Tasnifu yangu ilihusu molekuli yenye chuma. Elektroni za chuma ni korofi: huwezi kupiga hesabu ya moja moja ukajumlisha, maana kila moja inatembea huku ikizichungulia nyingine. Kuzikokotoa zote kwa pamoja, hakuna kompyuta inayoweza. Basi unachagua chache, pamoja na vyumba vichache zinamoweza kukaa, hizo unazikokotoa kikamilifu, zilizobaki unazikadiria. Kuchagua ni kazi ya mkono wako. Hapo ndipo pa kuibia: unabadilisha uchaguzi mpaka jibu likupendeze.

Ilikuwa Jumatano, na mwisho wa kukabidhi ni Ijumaa. Nikikosa, mwaka umekwenda. Nikafungua faili nilimoandika uchaguzi huo: vyumba kumi. Mimi nilikumbuka kumi na viwili. Nani kapunguza? Mashine ile tuliitumia wawili tu, mimi na dada mmoja wa Buhongwa, naye alikuwa anamalizia tasnifu yake na aliitaka mashine iwe huru. Nikakumbuka alivyoniambia, "Si jibu limekubali? Kabidhi tupumzike." Tupumzike nini? Nikamchukia saa ileile.

Nilimfuata mezani kwake. "Umegusa kazi yangu."

Akafungua kumbukumbu za mashine, akaniachia kiti. Majaribio saba, yote kwa jina langu. Vyumba kumi na viwili, kumi na vinne, kumi na kimoja, majibu yanaruka huku na kule. La saba, la mwezi uliopita, vyumba kumi, ndilo lililolingana na maabara. Nami siku hiyohiyo nikayafuta yale sita kwenye folda yangu, nikaenda zangu nyumbani Pasiansi kulala. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha.

"Nisamehe," nilisema.

"Yaishe. Sasa Ijumaa unakabidhi lipi?"

Nilirudisha vyumba kumi na vinne, vinavyoacha machache ya kukadiria, nikaanza upya. Hesabu ile ingekula wiki tatu. Ijumaa nilimsaidia kubeba nakala za tasnifu yake hadi ofisini. Karani akagonga mhuri, akaniangalia mikono mitupu.

"Na ya kwako?"

"Mwakani," nilimjibu.