Maziwa Hayamo Katika Fomu

Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia ngumu ya njano, futi kamba ya mita thelathini, na onyo kwamba futi kamba ikipotea nitailipa mwenyewe. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino, kwa kuwa nilidhani nakwenda kukaa. Miaka minne chuoni nilisomea uthamini wa ardhi na majengo, na kichwani mwangu shahada ile ilikuwa na kiti chake, tena kinachozunguka. Kumbe kazi ya kampuni yetu ilikuwa kutambaa darini kwa watu kuangalia kama mchwa wamekula mbao, kisha kurudi ofisini kuandika jengo lina thamani gani, ili benki iamue kama itamkopesha mwenye jengo. Kabla ya saa sita mchana kisigino kimoja kilibaki kwenye tope la Kansanga, hatua chache kutoka duka la vitenge la mama yangu. Nilimwomba Mungu mama asitoke nje.

Hata hivyo kazi niliipenda tangu siku ile, wala sioni haya kusema. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwaka mzima, shahada imetundikwa ukutani, na kila mgeni akiingia anaitazama, ananitazama, halafu anauliza, "Bado?" Neno hilo lilinikondesha kuliko njaa. Sasa nilikuwa na mahali pa kuamkia. Mkataba ulisema miezi sita ya majaribio, halafu barua: ama unathibitishwa, ama unashukuriwa. Nilihesabu wiki kama mjamzito.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mkenya, mtu wa Kakamega, mzee wa kanisa, aliyekuja Kampala kwa ajira akasahau kurudi. Mtu yule alikuwa hasemi "karibu mita nne"; ilikuwa mita tatu na sentimita tisini na sita, la sivyo upime upya. Ofisini tulizungumza Kiingereza na Luganda, na mimi Kiswahili changu nilikificha. Kampala wapo wengi ambao wakisikia Kiswahili bado wanasikia askari wa enzi za vita kwenye kizuizi. Kwetu ndiyo lugha ya nyumbani, tangu mababu waliokuja na misafara ya biashara kutoka pwani, lakini nitamweleza nani yote hayo kila asubuhi? Siri ilitoka siku nilipokanyaga msumari nikapiga kelele kwa Kiswahili.

"Wewe!" akasema mkubwa wangu, mimi nikiruka kwa mguu mmoja. "Hiyo Kiswahili safi umetoa wapi?"

"Nyumbani."

"Na umeniacha miezi miwili nikihangaika na Kiingereza?"

Tangu hapo akaniita mwalimu, na kazi ikawa nyepesi.

Kulikuwa na desturi moja pale ofisini. Kabla ya kwenda kukagua jengo lolote, kila mmoja alisaini fomu iliyokaa mezani kwa katibu: kwamba mimi niliyetia sahihi hapa sina uhusiano na mwenye mali, kwa damu wala kwa ndoa. Chini yake kulikuwa na mistari ya kuandika mzazi, ndugu, mume au mke, mtoto na mkwe, kama wapo. Fomu ilionyesha namba ya kiwanja na jina la kampuni, basi. Tuliisaini kama watu wanavyonawa mikono kabla ya kula, macho yako kwenye chakula.

Ilikuwa Jumanne, zimebaki siku tatu miezi sita itimie. Barua ilikuwa itoke Ijumaa. Nikasaini nimesimama, mkoba begani, tukapanda pikapu ya ofisi, dereva akashuka kuelekea Kisenyi.

Kisenyi nilizaliwa, ila tulihama nikiwa na miaka sita, na palikuwa pamebadilika. Gereji zimemeza njia, Wasomali wamefungua maduka ya jumla pale palipokuwa na ua wa mikeka. Kwa hiyo sikutambua kitu mpaka tulipopita kati ya marundo ya bampa na vioo vya magari, tukatokea uani, nikaona birika la saruji lenye pembe iliyovunjika. Pembe ile niliivunja mimi, kwa mchi, nikiwa na miaka mitano. Kidevuni bado nina alama ya kipande kilichonirukia.

Mama mmoja alikuwa ameketi barazani anachambua mchele. Akaniangalia kofia, akaniangalia kidevu.

"Bambi! Maskini, mwanangu!" akasema, ungo ukamponyoka. "Si wewe? Umepotea hivyo, kama huna kwenu?"

"Shikamoo mama," nikasema, nikainama kuokota ungo.

Lazima nieleze huyu mama ni nani. Nilizaliwa wiki chache kabla ya vita kuingia mjini, ile Januari ya themanini na sita. Mama yangu mzazi akashikwa na homa kali, maziwa yakamkauka. Maduka yamefungwa, barabara zimefungwa, milio ya bunduki inatokea upande wa Lubiri. Jirani yetu, tuliyetenganishwa naye na ukuta mmoja, alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi minane. Akanichukua, akatunyonyesha wote wawili mpaka mama aliposimama tena, muda wa miezi mitatu: ziwa la kulia langu, la kushoto la mwanawe. Kwetu Waislamu jambo hilo lina hukumu yake. Mwanamke aliyekunyonyesha ni mama yako, wanawe ni ndugu zako, na hamwezi kuoana kamwe. Wazee walikwisha kulitangaza hata kabla sijaota jino.

Yule mtoto wa ziwa la kushoto sasa alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na kampuni ya vipuri, na alitaka kujenga ghorofa mbili juu ya nyumba ya zamani. Ndiyo sababu benki ilitutuma. Mkubwa wangu alikuwa juu ya paa, anagonga bati. Kaka akanikaribia.

"Dada, kumbe ni wewe ndiye unatupima! Basi Mungu ametujibu." Akacheka. "Wewe ulininyonyea maziwa yangu nikabaki mfupi. Leo uturudishie kidogo, eh? Ukiandika, kalamu iwe na huruma."

Mama akamwambia aniache nifanye kazi. Nikafanya. Nilipima vyumba, nikapima ua, nikaandika kila kitu daftarini kwa mwandiko mzuri. Sikuwa nimedanganya. Fomu iliuliza damu na ndoa, ikanyamaza. Nilijiambia hivyo mara tatu kabla ya kumaliza ukuta wa mashariki.

Kwenye pikapu nikafungua daftari ili nilisome, na nikaona nilichofanya. Nyumba ya namna ile, kwingine kokote, ningeandika "nyufa ukutani". Hapa nilikuwa nimeandika "nyufa kubwa". Paa nililiita "chakavu", na mkubwa wangu alikuwa ameshuka akisema paa bado zuri. Sikuwa nimewapendelea. Nilikuwa nimewapunja, mama aliyenipa maziwa risasi zikilia, ili nionekane msafi na nipate barua yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Yule mama ni mama yangu," nikasema.

Mkubwa wangu akageuka. "Mama yako si anauza vitenge Kansanga?"

"Huyo naye ni mama yangu."

Ikabidi nianze upya, Januari, homa, ziwa la kulia na la kushoto. Dereva alipunguza mwendo ili asikose neno. Mkubwa wangu alisikiliza kwa umakini ule ule aliokuwa nao kwenye futi kamba, kisha akatoa hukumu.

"Hiyo fomu inasema damu na ndoa. Maziwa haimo. Hujadanganya mtu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Ijumaa ni Ijumaa. Mimi ningekuwa wewe, ningenyamaza, niandike 'nyufa' peke yake, niendelee na maisha." Akatazama nje. "Lakini mimi si wewe, mwalimu. Na mimi sikunyonya Kisenyi."

Nilimkasirikia, kwa kuwa nilitaka aniamulie. Tulipofika nilipanda ngazi kabla hasira haijapoa, nikijua ikipoa nitarudi mezani kwangu. Nikagonga kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa Muganda wa makamo, mpole, anayevaa sweta hata kwenye joto la Februari. Nikamweleza kwa Luganda, nikaweka daftari mezani, nikamwonyesha nyufa kubwa. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Halafu, pengine kwa sababu yule Mkenya alikwisha kunitangaza, akanijibu kwa Kiswahili, kile alichookota alipokuwa akipima majumba ya kambi ya jeshi ya Mbuya.

"Huyu kijana, wewe naweza olewa na yeye?"

"Hapana, mzee. Haiwezekani kabisa."

"Hata kama yeye nataka, na wewe nataka?"

"Hata hivyo."

"Basi hiyo ni ndugu kabisa, kweri kweri." Akavua miwani. "Sisi Baganda, mtu wa ukoo yako hapana oa, hata kama kijiji yake iko mbali sana. Hiyo ndiyo najua ndugu. Hiyo kalatasi letu nasahau."

Kisha akarudi kwenye Luganda, na upole ukapungua. Aliniondoa kwenye kazi ile, akaagiza ukaguzi urudiwe na mtu mwingine tangu mwanzo, na daftari langu akaliweka kwenye droo. Kuhusu barua hakusema lolote. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda chooni kulia.

Jumatano kaka akapiga simu. Alikwisha kumwona mthamini mpya. "Tulikupa ziwa, umetunyima kalamu," akasema, akakata. Nilishindwa kula. Nilianza kumpangia mgeni wa kwanza atakayeuliza "Bado?" jibu ambalo mama yangu angeniombea radhi kwa mtaa mzima.

Ijumaa mkurugenzi aliniita, akanipa bahasha mbili. Niliambiwa nianze na nyembamba. Lilikuwa onyo: kusaini kabla ya kujua mwenye mali ni nani. Ya pili ilikuwa ya kunithibitisha kazini. Nilizisoma zote nimesimama, na kwa mara ya kwanza katika kampuni ile nilisoma kila neno, hata anwani. Mkubwa wangu alikuwa mlangoni akijifanya anatafuta stepla.

"Sasa nunua viatu," akasema.

Pamoja na bahasha nilipewa fomu mpya niijaze kwa ajili ya faili langu. Ilikuwa ile ile, lakini chini ya mkwe katibu alikuwa amepiga chapa mstari mmoja zaidi: mtu mwingine yeyote ambaye, kwa mila au dini yako, huwezi kufunga naye ndoa. Kwenye mstari ule niliandika jina la kaka, nikarudi juu, kwenye nafasi ya mama. Ilikuwa ya jina moja. Nikabana herufi, nikaandika mawili.

Jumapili nilikwenda Kisenyi kuikabili hasira yao, na fomu nikaichukua, maana sikuwa na ushahidi mwingine. Kaka alinijibu salamu akitazama bampa. Mama alinikaribisha barazani, akanipa chai, akasubiri.

"Mama, sikukataa kuwasaidia," nikaanza. "Ila ningeandika mimi, yasingekuwa ya haki. Niliwaambia wewe ni nani kwangu. Ndiyo maana wakaniondoa."

"Uliwaambia mimi ni nani?"

Nikampa fomu. Mama alisoma herufi za Kiarabu maisha yake yote. Hizi za shule alizifuata kwa kidole, polepole. Nikamsaidia. Nyumba ilikuwa kwa jina la kampuni, kampuni kwa jina la kaka, na kabla yake kila kitu kilikuwa kwa jina la marehemu mumewe. Kidole kikasimama.

"Hili jina langu."

"Ndiyo."

"Na mbele yake wameandika nini?"

"Mama."

"Nani kaandika? Hao wa ofisi?"

"Neno ni lao. Jina nimeandika mimi."

Akamwita mwanawe aje aone. Kaka alikuja akifuta grisi mikononi, akasoma, akasoma tena, akakaa chini kando yangu. Akanisogezea sahani ya kashata. Miezi mitatu baadaye benki iliwakopesha, kwa thamani ya mwenzangu aliyeandika "nyufa" peke yake, lakini siku ile hakuna aliyejua hilo.

Nilipoaga, nikanyoosha mkono nichukue fomu yangu. Mama alikwisha kuikunja mara nne na kuitia katikati ya msahafu wake.

"Mama, hiyo ni ya ofisi. Nina onyo tayari."

"Ofisi ina karatasi nyingi," akasema. "Wataandika nyingine."

Nikamwachia. Jumatatu nilimwomba katibu fomu nyingine, na safari hii sikuhitaji kubana majina ya mama zangu wawili, kwa kuwa nilianza kuandika mapema, pembeni kabisa mwa ukurasa.