Simu Iliyoniomba Radhi

Chausiku binti Abdulmajid, mkazi wa Mafiga, mzaliwa wa Matombo. Kwetu Waluguru mtu huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo habari za baba tuziache hapo hapo. Mama yake ni Saada, ambaye bwana shamba alipokuja kuamuru migomba yake ing'olewe, alihamishia mafiga na sufuria katikati ya shamba akapika humo asubuhi na jioni, mpaka bwana shamba akachoka kusubiri akaondoka. Mama wa Saada ni Hafidha, aliyeteremka mlima kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani na mimba iliyokomaa, akauza ndizi, akajifungua kwa watu asiowajua, akapanda tena mlima na mtoto mgongoni. Na Chausiku mwenyewe ndiye aliyeita mafundi wakaingiza umeme nyumbani mumewe akiwa safarini, mume akarudi akakuta taa inawaka akabaki anaitazama. Ndiye aliyemwambia diwani mbele ya mkutano kwamba mtaro anaouchimbisha utamwaga maji barabarani, na masika yalipofika ukamwaga.

Nimeyaandika yote bila kupunguza. Bibi yangu mimi naye aliteremka mlima na mkungu kichwani. Bibi zetu wote waliteremka. Ila wa Chausiku ndiye anayesimuliwa.

Ukoo wake na ukoo wangu ni watani. Asiyejua utani wa kwetu aelewe hivi: mtani wako hakusalimii vizuri, anakutukana, na wewe hukasiriki, maana ukikasirika umeukana ukoo. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kuwachekesha wafiwa. Anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wanacheka huku machozi yanawatoka. Kazi hiyo mimi naijua. Siku ya msiba wa Saada nilijifunga kanga yake nikawafukuza watu jikoni kwa sauti yake, na Chausiku mwenyewe, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu asubuhi, alicheka mpaka akashikwa mabega.

Utani huu umenifaa sana maishani. Yale ninayoyasema kuhusu Chausiku kutoka moyoni, watu wanadhani ni utani.

Zamani watu walikuwa wanakuja kwangu. Mume wangu alinunua redio kubwa ya betri, nikaishonea kitambaa cha kuifunika, na vita vya Uganda mtaa wetu wote ulivisikilizia barazani kwangu. Salamu, matangazo ya vifo, taarifa ya saa mbili, yote kwangu. Chausiku alikuwa anakuja na mkeka wake anakaa pembeni. Nilikuwa nikiwafafanulia maana mimi nimemaliza darasa la saba na yeye aliishia la tatu. Hilo si tusi, ni habari ya kweli.

Kisha binti yake Yasmin, anayefanya kazi Muscat, akamtumia simu. Si ya kubonyeza kama yangu, ile ya kupapasa. Hajui kusoma vizuri, lakini simu ile haimdai kusoma, inamsomea. Anasikiliza video fupi za habari tangu alfajiri, na baada ya alasiri anatoka barazani na kuzitoa kama mtu aliyekuwapo. Mikeka ikahama. Sabra muuza vitumbua alikuwa wa kwanza kuhama, na beseni lake.

Siwezi kusema alikuwa anasema upuuzi. Ningependa kusema hivyo. Ilipotangazwa kwamba kuna magari yanajiendesha bila dereva, wenzake wakashangaa, yeye akasema waliteremshe moja barabara ya Matombo wakati wa masika, likifika kwenye tope la kwanza litaomba dereva lenyewe. Mwaka ule mtandao ulipopotea nchi nzima wakasema waya umekatika chini ya bahari, akasema yeye hashangai waya kukatika, anashangaa kwamba maneno yote haya ya umbea yalikuwa yanapita majini na samaki hawajaacha kulika. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikajichukia njiani kurudi.

Mara moja tu alikosea na sikumwacha. Walisema picha za simu huwa zinahifadhiwa kwenye wingu. Chausiku akanyoosha kidole mlimani, kwenye minara ya Bondwa, ambako wingu halibanduki, akasema mnaona, ndiyo maana walijenga minara pale juu, wingu lipo karibu. Ikawa hivyo mtaa mzima. Bondwa ikifunikwa wanasema leo picha ziko salama. Siku moja ya kiangazi mlima uliamka wazi kabisa, hakuna wingu hata la kufutia jasho, na Sabra alikuja mbio kuuliza kama picha za harusi ya mwanawe zimepotea. Nilimwuliza Chausiku mbele ya watu, picha ziko wapi leo, mtani? Akasema zimeshuka kunywa maji. Wakacheka tena. Hata kosa lake linapendwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Chausiku ana mpangaji, msichana anaitwa Brenda, mtu wa Bukoba, anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Mtoto mwenye adabu, hapiti bila shikamoo. Siku moja habari za barazani zilikuwa za akili mnemba, kwamba mashine sasa inaweza kusikiliza sauti ya mtu, ikaikamata, na mtu yule akifa mashine ikaendelea kuongea kama yeye. Wengine walisema ni dhambi. Sabra akasema yeye angependa kumsikia mama yake japo aseme tu funga mlango. Ndipo Brenda akasema anajifunza jambo hilo hilo, na kama bibi Chausiku atakubali angependa kurekodi sauti yake, ajaribu.

Chausiku akakubali pale pale, kama mtu aliyeombwa chumvi.

Sikulala vizuri. Nieleze kwa nini, nisieleweke vibaya. Kwamba ana simu, sawa. Kwamba ana watu, sawa. Lakini kitu kimoja kilikuwa changu: siku atakapokufa, mimi ndiye mtani, na siku ile baraza ni langu. Watakuja wote, mikeka yote, na watakaa wanitazame mimi, wamsikie yeye kutoka kinywani mwangu. Nimekuwa nikijiandaa miaka mingi kimyakimya. Ile namna anavyovuta "sanaaa", ile pumzi anayoivuta kabla ya kusema uongo, ninazo zote. Na sasa mtoto wa watu kutoka Bukoba atazitia kwenye simu. Nikifika msibani nitaambiwa nikae, mashine inaongea. Na hakuna aliyeniuliza mimi kama ninayo sauti.

Vuli yote ile Brenda alikaa naye jioni wakirekodi. Alihitaji ukimya. Kwa bahati mbaya ndiyo saa ninayotwanga kisamvu, na ukuta wetu ni mmoja. Brenda alikuja na heshima zake kuniomba nibadilishe saa. Nilimwambia kisamvu hakina saa, mwanangu.

Chausiku alikuwa anamsimulia kila kitu: Matombo, bwana shamba, mkungu, mume na taa. Nilisikia kupitia ukutani jinsi anavyojiongezea. Kwenye habari ya mtaro nilikuwapo, na aliyenyoosha mkono wa kwanza kuuliza swali nilikuwa mimi. Hakunitaja.

Siku ya kujaribu ikafika. Baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Brenda aliweka simu juu ya kigoda, na Chausiku akakaa kwenye kiti chake amejipaka wanja kama mwali. Nilifika wa mwisho makusudi, nikapata nafasi mbele makusudi. Brenda akasema, "Bibi Mwanaasha, wewe ndiye mtani wake. Anza wewe kuisalimia."

Nikasema asalamu alaikumu, kwa sauti ya kawaida.

Simu ikajibu kwa sauti ya Chausiku. Iliitikia salamu kama kawaida, kisha ikasema, "Karibu sanaaa, ndugu yangu Mwanaasha. Nimefurahi kukuona leo."

Watu walishika midomo. Sabra akaanza kulia hapo hapo, na mwenye sauti amekaa mbele yake mzima. Ilikuwa yeye. Ule mvuto, ile pumzi, mpaka ule mkwaruzo wa koo alioupata baada ya nimonia. Nilimtazama Chausiku, anatabasamu kama bibi harusi. Niliona kazi yangu imekwenda. Mimi huhitaji nguo, nafasi na watu kumfufua mtu. Mtoto huyu alifanya kwa kidole.

Nikaona kama ni kushindwa, nishindwe nikiwa mtani. Nikaisogelea ile simu, nikaiambia, "Kumbe hujafa wewe? Nimepita nimeona watu wengi nikajua tayari, nimekuja na kanga yangu ya msibani bure."

Barazani watu walishaanza kucheka, wanangoja ya kwake. Chausiku wa kweli asingekawia. Angeniambia kanga hiyo niliiiba kwenye msiba mwingine, au angesema amekataa kufa kwa kuogopa kunikuta kuzimu natandika mkeka.

Simu ikasema, "Pole sanaaa kwa usumbufu. Samahani kama nimekukosea. Ningependa kukusaidia."

Mtu mmoja nyuma akarudia polepole, ningependa kukusaidia. Mtani kumwomba mtani radhi, sijawahi kusikia tangu nizaliwe, si mlimani, si mjini. Aliyecheka wa kwanza alikuwa Chausiku mwenyewe. Alicheka akashika mbavu, wanja ukamshuka mashavuni, akasema, "Nani huyo mnyonge mliyemtia sauti yangu? Huyo amekuja kuomba chumba."

Baraza likaanguka kwa kicheko. Brenda aliona haya, masikini, akaanza kueleza kwamba ni kwa sababu mashine imefundishwa adabu, na kwamba inarekebishika. Akasema atakusanya matusi yetu yote ya utani ayatie humo, iyajue. Moyo wangu uliokuwa umerudi ukaondoka tena, maana yule mtoto ana akili na angeweza.

Chausiku akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Aliuliza swali moja tu, kwa utaratibu, kama anavyouliza habari za dunia. "Brenda mwanangu, mama yake huyo ni nani?"

Brenda akauliza mama yake nani.

"Mama wa hiyo mashine. Utani unapita kwa mama. Mimi na Mwanaasha tunatukanana kwa sababu mama yangu ni wa kwetu na mama yake ni wa kwao. Huyo asiye na mama atamtania nani? Akimtukana Mwanaasha hayo ni matusi tu, na sisi tutakwenda serikali ya mtaa."

Brenda alitazama simu yake kama mtu anayetazama mtoto aliyeulizwa kwao ni wapi. Na mimi nilikaa pale nikiwaza, kwa nini neno hilo sikulisema mimi. Ni neno langu. Nimelijua tangu utoto. Kila kitu ninachokijua mimi, Chausiku ndiye anayekisema.

Akamwambia Brenda asiifute ile sauti, maneno ya kuliwaza yanamfaa Yasmin huko Muscat akikumbuka nyumbani usiku, amtumie. Kisha akanigeukia. Hakuwa akicheka tena.

"Mwanaasha. Hebu niigize."

Nilitazama watu. Nilivua mtandio, nikajifunga kama anavyojifunga yeye, nikavuta ile pumzi, nikasimulia habari ya diwani na mtaro kwa sauti yake. Walicheka sana, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu ije mikeka yote ilikuwa imeelekea kwangu. Chausiku alifumba macho kunisikiliza. Nilipomaliza akayafumbua.

"Unanizeesha," akasema. "Na pumzi yangu haikatiki pale. Mimi unaniona hivyo?"

Nikamwambia ndivyo alivyo. Akasimama, akaweka mikono kiunoni kama mimi, akainua kidevu, akasema, "Mimi nimemaliza darasa la saba." Maneno hayo tu. Watu walicheka kuliko walivyonicheka mimi. Sabra alilala kwenye mkeka. Sikujua kama kidevu changu kinapanda hivyo, na sikujua kama ninalisema jambo hilo mara nyingi kiasi cha watu wote kulitambua. Aliniigiza vizuri kuliko mimi nilivyomwigiza yeye, na yeye si mtu wa kujiandaa.

Alirudi kitini polepole akishikilia ukuta, maana magoti yake si mazima. Akamwambia Brenda azime simu. Akaniambia, mbele ya watu wote wawe mashahidi, kwamba siku yake ikifika sauti yake itatoka kwangu na si kwa kingine chochote, na kwamba hataki nimpake sukari, hataki niombe radhi, na nisisahau kuwataja waliokula bila kuosha vyombo.

"Lakini kwa namna hii utanitia aibu kwenye msiba wangu mwenyewe," akasema. "Kesho baada ya alasiri uje. Tutaanza na kikohozi."