Paka Niliyemnyima Chakula

Siku nitakayokusimulia, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake: harufu ya mahindi yaliyotafunwa na panya. Wewe umekulia Kitengela ya maghorofa na supamaketi, harufu hiyo huijui, na nashukuru huijui. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa tisini na tano. Niliingia stoo kuchota mahindi ya kusaga, nikashika gunia la ukutani, nalo likainuka jepesi kama limejaa manyoya ya kuku. Chini lilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Nikaangalia la pili, nalo lilikuwa limeanza kutobolewa. Nikakaa juu ya debe, nikalia.

Usicheke kwanza. Yale magunia yalikuwa sita, na yote yalitoka kwa mama mkwe wangu kule Mwala, shamba alilolima kwa mikono yake. Alinipa mwezi wa tatu, baada ya mavuno, akaniambia yatulishe mpaka mavuno mengine, na kwamba angekuja mwezi wa nane kuona. Kwetu Ukambani wakati huo, mwanamke alipimwa kwa stoo yake. Bwana haingii kupekua. Anayeingia ni mama mkwe. Na huyu wangu alikuwa amemwambia mwanawe waziwazi, tena mimi nikiwa jikoni nasikia, kwamba hajui kama binti aliyelelewa nyumba ya mwalimu anaweza kutunza chakula. Basi mwezi mmoja ulikuwa umebaki, na mimi niko juu ya debe na machozi.

Wakati huo tulikuwa tumehamia hapa hatujamaliza miaka miwili. Bwana wangu, Baba Mwende, alikuwa anafanya kazi kiwandani Athi River, na tulijenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili na stoo, katikati ya uwanda mtupu. Punda milia walikuwa wanapita nyuma ya choo. Jirani wa karibu alikuwa mama mmoja wa Kimaasai ambaye boma lake lilikuwa ng'ambo ya mtaro. Alikuwa na umri wa kunizaa, nami nikamwita Yeyo, maana yake mama, kama walivyomwita watoto wake. Nyumbani tulikuwa mimi, bwana, Mwende aliyekuwa anajifunza kutembea, na mbwa mmoja wa kahawia aliyeitwa Bobi. Bobi tulimfunga kwa kamba ya katani mchana kutwa, kwa sababu alipenda sana kuwakimbiza wana-kondoo wa Yeyo.

Jioni ile nilimweleza Baba Mwende habari ya gunia. Kesho yake akarudi kutoka kazini na kikapu kilichofungwa kwa leso, ndani kuna paka. Alikuwa paka wa kijivu, mwembamba, mwenye mwendo wa mwalimu mkuu anayekagua madarasa, na ndiyo sababu tulimwita Madam. Nilimpokea kwa furaha, halafu nikafanya ujinga ambao mpaka leo ukinijia nikiwa kanisani huwa najificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nilitangaza kwamba huyo paka asipewe chakula chochote nyumbani kwangu. Hata tone la maziwa. Nilikuwa nimeona mama yangu akifanya hivyo, na nyanya yangu pia. Kwetu paka hakuwa na sahani. Tuliamini kwamba paka akipewa ugali analala, akinyimwa anawinda. Sikuwahi kujiuliza kama ni kweli.

Wiki ya kwanza Madam alikamata panya wawili, nikajisifu mpaka kwa wanawake wa kanisa. Wiki ya pili akaanza kupotea asubuhi na kurudi jioni, tumbo limejaa, manyoya yanang'aa. Nikamwambia Baba Mwende aone kazi ya njaa, ona vile panya wamemnenepesha. Yeye akasikiliza panya wakikimbizana juu ya dari, akaniuliza hao basi ni wa nani. Niligeukia ukuta.

Mwisho wa wiki hiyo nikaenda kwa Yeyo kurudisha kibuyu chake cha maziwa. Nikasalimu, nikaingia, nikasubiri macho yazoee moshi. Pale kando ya jiko, juu ya ngozi ya kondoo, alikuwa amelala Madam. Sharubu zilikuwa nyeupe kwa maziwa. Alifungua jicho moja, akaniona ni mimi, akalifunga.

"Mama Mwende, unajua hii paka?" Yeyo akaniuliza. "Ilikuja hapa tumbo imeshikana na mgongo. Mimi nikajua haina mwenyewe."

Nikamwambia mwenyewe ni mimi, na kwamba simlishi kwa makusudi, ili awinde. Yeyo alinitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, alicheka mpaka akaweka chini kijiti alichokuwa anachochea moto, akawaita binti zake waje wasikie. Nilimbeba Madam, nikamrudisha nyumbani nimekasirika. Kesho yake asubuhi alikuwa amesharudi kwa Yeyo.

Hapo ndipo kiburi kiliponishika, mwanangu. Badala ya kujiuliza kwa nini paka amenihama, nikaamua sihitaji paka wa mtu. Siku ya soko nikaenda Kitengela mjini, nikampata mchuuzi wa dawa ya panya mwenye spika iliyokuwa inakwaruza. Aliniapia kwamba panya akila ile dawa anatoka mwenyewe nje kutafuta maji, anafia mbali, hata harufu huisikii. Nikanunua. Nikapika ugali, nikauchanganya na ile dawa na omena, vile visamaki vikavu, ili unukie vizuri, nikafinyanga matonge kumi na mawili. Mengine nikayaweka stoo, mengine nyuma ya nyumba pale panya walipokuwa wakiingilia. Kisha nikamfunga Mwende mgongoni, nikaenda kuteka maji.

Niliporudi, Yeyo alikuwa amesimama langoni na maziwa, binti yake mmoja na Madam wakimfuata nyuma. Aliniamkia kwa Kimaasai kama kawaida yake, nikamjibu. Halafu akanusa hewa, akaniuliza ni nani anapika samaki kwa stoo. Nikamweleza kila kitu, tena kwa fahari. Sikuwa nimemaliza alipoinama, akamnyakua Madam akamfungia ndani ya shuka lake.

"Panya ikikula hiyo dawa haifi hapo hapo," akasema. Safari hii hakucheka. "Inatembea kama mlevi. Sasa nani atashika panya mlevi? Ni hii paka. Ni Bobi. Ni mbwa yangu yenye inalala na kondoo. Na huyu mtoto yako anaokota kila kitu anaweka kwa mdomo. Wewe umetegea panya ama umetegea nyumba?"

Maneno yale yalinipiga. Nilimshika Mwende miguu kule mgongoni kuhakikisha bado yupo. Kisha nikageuka kumtazama Bobi, na Bobi hakuwepo. Kipande cha kamba ya katani kilikuwa kimelala chini, ncha yake imetafunwa. Meno ya Bobi yasingeacha alama ndogo vile. Panya wale wale ndio walikuwa wamemfungulia.

Tulikimbia kuokota matonge. Yeyo alimkabidhi binti yake paka na mtoto, akapiga magoti nyuma ya nyumba pamoja nami. Tukahesabu kumi na moja. Tukahesabu tena, kumi na moja. Nikaita Bobi kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka Isinya. Akaja mbio kutoka upande wa tangi letu la maji, anatikisa mkia, pua yote imejaa udongo.

Sijui kama umewahi kumpenda mnyama, mwanangu. Mimi mpaka siku ile nilidhani Bobi ni kengele ya mlango tu. Nilimkumbatia shingo nikamwomba msamaha mbele ya jirani, bila haya. Yeyo alimfungua mdomo, akamnusa, akamwosha pua kwa maji niliyoyateka. Kisha akafuata nyayo za Bobi kule alikotoka, akakuta udongo uliochimbuliwa kando ya tangi, akafukua kwa kijiti. Tonge la kumi na mbili lilikuwa pale, zima. Bobi alikuwa na tabia ya kuzika chochote kitamu ili ale baadaye, tabia ambayo niliwahi kumchapa kwa ajili yake, maana alikuwa amezika kandambili zangu. Ile tabia ndiyo iliyomwokoa.

Hata hivyo hatukuwa na hakika kwamba hakuramba. Tulitupa matonge yote kwenye choo cha shimo, nikanawa mikono mara tatu, nikamfunga Bobi kwa leso yangu, nikakaa naye chini kwenye kivuli cha nyumba mchana wote. Yeyo alikaa nami. Alikuwa na kazi zake, lakini alikaa. Akaniambia kitu ambacho nimekibeba miaka yote hii.

"Ng'ombe yangu ikilala njaa, kesho itaingia kwa shamba ya mtu," akasema. "Naweza ichapa, lakini kosa si ya ng'ombe. Hii paka uliinyima chakula, halafu ukataka ichunge chakula yako. Ingekupenda aje?"

Jua lilipoanza kushuka, kondoo wa Yeyo wakapita kurudi bomani. Bobi akasimama, akajikung'uta vumbi, akawabwekea kwa nguvu zake zote akivuta leso yangu. Nikalia tena, mara hii kwa furaha, na Yeyo akasema kumbe huyu mbwa ni mzima kabisa, ona vile bado ni mjinga.

Kesho yake Yeyo alikuja na binti zake wawili. Hakuwa amewahi kulima mahindi maishani mwake, lakini alijua kutazama njia za mnyama. Tulitoa kila kitu stoo, tukakianika. Akapapasa kuta mpaka akapata matundu matatu yaliyong'aa kwa kupitwapitwa, na Baba Mwende akayaziba kwa vipande vya mabati na saruji. Magunia tukayapandisha juu ya mbao zilizokalia mawe, mbali na ukuta, ili paka apite pande zote. Unga tukautia kwenye pipa la chuma lenye kifuniko. Sahani ya Bobi ikawa inaoshwa kila jioni isibaki na makombo. Na kila jua likizama, mimi mwenyewe, kwa mkono huu, nilimwekea Madam maziwa kidogo na ugali ndani ya stoo.

Siku tatu za kwanza alikunywa akaondoka. Siku ya nne alikunywa akalala juu ya gunia. Ndani ya wiki mbili dari ilinyamaza, na kila asubuhi nilikuta panya mmoja au wawili wamepangwa mlangoni kama zawadi. Paka aliyeshiba anawinda, mwanangu. Anawinda kwa sababu ni paka, na anawinda kwako kwa sababu ndiko kwao.

Mama mkwe akafika mwezi wa nane. Hata chai hakunywa kwanza. Aliingia stoo, akagonga magunia moja moja, akainama kuona mbao, akahesabu. Yalitakiwa kuwa manne na nusu, yalikuwa matatu na nusu. Halafu akaona sahani ya maziwa. Nilikuwa nimejiandaa na uongo, tena mzuri, lakini niliuacha. Nikamwambia yote: gunia lililoliwa, paka niliyemnyima, sumu, Bobi, aibu yangu kwa Yeyo.

Alimtazama Madam, ambaye alikuwa amejinyoosha juu ya mahindi yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na hii iko na mimba ya miezi ngapi?"

Sikuwa nimegundua. Nikamwambia sijui.

"Utanitunzia mmoja," akasema. "Mimi zangu zote hutoroka. Kila mwaka natafuta ingine. Sikujua wanatakanga kukula."

Tulitazamana, mimi na yule mwanamke niliyemwogopa kuliko simba, tukaanza kucheka pamoja kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Tulicheka mpaka Baba Mwende akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Krismasi alikuja tena, akarudi Mwala na paka mdogo ndani ya kiondo. Miaka ya elfu mbili tulipokuwa tukienda kumtembelea, huyo paka alikuwa analala kitandani kwa mama mkwe, ana sahani yake yenye maua, na sisi wageni tulipewa chai baada yake.

Basi sikiliza, wewe unayeanza nyumba yako. Panya wakiingia, ziba matundu, inua chakula, funika unga, osha sahani kabla giza halijaingia. Sumu usiilete mahali penye mtoto na mnyama, kwa sababu ukishaiweka chini huwezi kuiambia imchague nani. Na yeyote anayekufanyia kazi, awe paka, mbwa, kijakazi au mume, mlishe kwanza. Usimpime uaminifu kwa njaa. Ukikosea, na utakosea, mwambie ukweli anayekuja kukagua; huenda naye amekuwa akikosea kimyakimya miaka mingi na hana wa kumwambia.

Mungu akupe stoo isiyokauka na mlango usioogopa mgeni. Akupe jirani wa kukucheka usoni na kukaa nawe chini mchana mzima unapoogopa. Na wote wanaokula kwako, wenye miguu miwili na wenye miguu minne, jioni ikifika wasitamani kwenda kulala kwa mwingine.