Nilisema Wanauza Mate ya Wajawazito

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kugawana naye.

Neema alinichukulia mwanaume. Bahati alikuwa amekwisha kuleta wazee wake kwa baba kuniposa, mtaa wetu wote wa Mulongwe unajua, halafu akaenda kumuoa Neema, muuguzi wa santre yetu ya afya. Msafara wa harusi ulipita mbele ya meza yangu ya sokoni, ninapouza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, ukipiga honi. Nikasema moyoni, huyu mwanamke atanilipa.

Nafasi ikaja. Pale santre walianza kupima mate ya wamama wenye mimba changa. Unatema kidogo ndani ya kichupa, wanaangalia kama uko katika hatari ya tansyo, presha ya damu, ile inayopanda mimba ikikomaa na kuleta kifafa. Wakiona hatari, wanakupa dawa mapema na kukufuata kwa karibu. Neema ndiye alikuwa anapokea vile vichupa.

Nikaanza kuwaambia wateja wangu polepole, kama mtu anayewahurumia, kwamba Neema anauza mate yao kwa wachawi. Nilitunga pale pale, mkono ungali ndani ya ndagala.

Maneno yakafika mpaka kijiji cha Kiringye. Wamama wakaacha kwenda. Mmoja alimtemea Neema miguuni barabarani, akamwambia auze na hayo. Minye nilikuwa nimesimama hapo, na nilisikia utamu. Sitadanganya.

Mdogo wangu Riziki ameolewa huko Kiringye. Alikuja kunitembelea tumbo likiwa limeanza kuonekana, akanieleza kwamba alikataa kutema, aliogopa wachawi. Ningemwambia ukweli siku hiyo. Lakini ingekuwa kumsafisha Neema kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikampakulia chakula.

Mimba ilipokomaa, uso ukamvimba, kichwa kikamuuma, macho yakaona giza. Walimleta santre kwa gari akiwa anakakamaa. Neema ndiye alimpokea, akamchoma sindano, akaenda naye mpaka hospitali kubwa akimshika kichwa. Riziki alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Sijui kama kile kichupa kingemwokoa mtoto. Ninajua tu kwamba wangemfuata mapema, na minye nilizuia.

Sasa Riziki anakaa kwangu. Juzi, maziwa yakiwa bado yanamtoka bila mtoto wa kunyonya, aliniambia: “Yaya, dada yangu, nisaidie kumutafuta mwenye alianzisha ile maneno. Weye uko sokoni, unasikia mengi. Nikimupata, atalia vile nililia.”

Nikamjibu, “Tutamutafuta.”

Kila asubuhi anakuja mezani kwangu kuuliza wateja. Jana mama mmoja aliniangalia minye kwanza, ndipo akasema hajui.

Weye mwenye mimba changa, nenda ukapimwe, usisikilize maneno ya soko. Na weye unayetaka kumlipiza mtu, jua kwamba hutachagua nani ataumia. Siku si nyingi Riziki atajua kwamba ni minye. Sitakimbia, na sitamwomba anihurumie.