Siku Niliyohamia Birmingham Bila Kutoka Langas

Sipendi kusimulia habari hii, lakini kwa vile mtaa mzima wa Langas siku hizi unaniita Mzee wa Birmingham, afadhali muisikie kwangu mimi niliyejiaibisha.

Mke wangu Nekesa aliongoza kwaya ya kanisa letu, na nyimbo alizorekodi alizihifadhi kwenye tovuti fulani ya ng'ambo. Alipofariki simu yake nayo ikafa (ilikuwa ya kitambo), na tovuti ikasema ada isipolipwa nyimbo zitafutwa. Sikusoma sana, lakini kulipa najua. Kumbe huduma ya malipo waliyoitaka haifanyi kazi huku kwetu, na kila nikitafuta Kenya naambiwa nchi hiyo haipo. Haipo, na mimi nimesimama juu yake!

Jirani yangu Kamau, fundi wa simu, akacheka. "Mzee, wewe sema uko Uingereza. Mashine itajuaje?" Akaniwekea kitu cha kuficha mahali nilipo, akanichagulia Birmingham, na mimi ambaye sijawahi kumdanganya hata mwenye ploti siku ya kodi nikakubali.

Watu wa huduma ya malipo wakasema watapiga simu kuhakikisha. Ikaja siku ya ukumbusho wa Nekesa, watu wamejaa chini ya hema, nami ndiyo kwanza nimemaliza kutoa shukrani (maneno machache tu, mimi si msemaji). Simu ikaita, nikakimbilia nyuma ya jikoni na kuweka simu kwenye sauti ya juu, maana bila hivyo haisikiki. Nilichosahau ni ile maiki ndogo isiyo na waya waliyonibana kwenye koti.

"Uko mji gani?" mwanamke akauliza kwa Kiingereza.

"Birmingham, madam." Nikasikia sauti yangu ikinirudia kutoka mbali, nikajiambia hiyo ndiyo mitambo ya Uingereza.

"Na hali ya hewa huko?"

"Baridi sana."

"Baridi gani na jua hili?" akadakia mama aliyekuwa akisonga ugali.

Yule mwanamke akageukia Kiswahili, tena cha huku kwetu kabisa. "Mzee, kwani kwenu ni wapi?"

Hapo ndipo nilipoanguka, maana swali hilo unalijibu kabla hujafikiria. "Kwetu ni Mumias," nikasema, "lakini naishi Langas, ukishapita posho mili." Hata kinu cha kusagia unga nilitaja! Hema likaangua kicheko, nami nikadhani ni msema chochote, yule mwongoza shughuli, amewachekesha.

"Sasa Mzee, mbona unanidanganya?"

"Ni sauti ya mke wangu, dada. Iko huko ndani. Aliaga, na nyumba imenyamaza sana. Nilitaka tu kumsikia."

Kicheko kikakatika. "Pole sana, Mzee," akasema polepole. "Lakini siruhusiwi." Na akaunti ikafungwa.

Niliporudi hemani kila mtu alikuwa ananitazama. Mama Atieno, aliyekuwa akiimba alto na Nekesa, akaninyooshea kidole kwenye koti. Nikaiona ile maiki.

"Karibu kutoka Birmingham," akasema, anacheka na machozi yanamtoka. Kisha akapekua simu yake. "Wimbo sina, Baba Wafula. Nina hii tu ya mazoezini." Akaisogeza kwenye maiki ya koti langu.

Nekesa hakuwa anaimba. Alikuwa anagomba: "Nyinyi watu wa soprano, mmekuja kuimba ama kuchambua mboga?"

Kwaya yote ikakaa wima.

Nyimbo zilifutwa, sitawaficha. Tangu siku hiyo mashine ikiniuliza niko wapi nasema Kenya, hata ikikataa, na kabla ya kupokea simu hujipapasa koti kwanza. Lakini ule ugomvi wa mboga Mama Atieno alinitumia. Huuweka asubuhi nikichemsha chai, na mara nyingine najikuta nikimjibu kwamba mimi, mama, ni wa besi.