Kiingereza cha Kupitia Ukuta

Mama yangu, Lornah, alikuwa na mahali pamoja tu pa kulala hapa duniani: chumba cha nyuma katika nyumba ya watu kule Muthangari. Alikuwa amewapikia, akawafulia, akawalelea watoto hadi wakaota ndevu. Kijijini hana kitu. Baba alipofariki, shemeji zake waliuza shamba kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Sasa matajiri wake walihama, na wapangaji wapya wakasema wangemchukua pamoja na nyumba, ila wao wanaongea Kiingereza peke yake. Wangemsikiliza Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Akishindwa, afungashe.

Utaniuliza, kwani asije kwako Kangemi? Ngoja nikwambie, na usinicheke. Sisi ni Wamaragoli. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, na kulala nyumba moja ni jambo la kuitiwa wazee. Mimi nina chumba kimoja, kitanda kimoja na pazia. Mama alishaniambia wazi kwamba afadhali alale stendi kuliko kuniharibia ndoa.

Na katika ukoo mzima anayejua kufundisha Kiingereza ni nani? Ni Shem, mume wangu, mwalimu wa darasa la nne. Haki nilitaka kucheka, nikajikuta nalia.

Aliyetuokoa ni jirani yangu Wavinya, Mkamba mwenye mdomo, aliyetoa chumba chake. Kati ya chumba chake na changu kuna ukuta wa mabati uliobandikwa magazeti. Mama akakaa kwa Wavinya, Shem akakaa kwetu, mimi nikasimama nje katikati ya milango miwili. Wavinya alisema Wamaragoli tumevumbua simu isiyohitaji kuwekwa krediti.

Hata kupitia ukuta, Shem hakuthubutu kumwambia mama "wewe". Aliniambia mimi: mwambie mama hivi, muulize mama vile, na mama anamsikia vizuri sana. Alianza na mwenye tendo. Sisi tukisema "ninapika" mtu yumo humo humo ndani ya neno. Kiingereza humtoa nje asimame peke yake, ndipo kije kitendo, ndipo chakula. Mama alimsahau huyo mtu kila mara. Akisema "cook rice", Shem anauliza, kwa upole uliokuwa ukiniudhi, ni nani huyo anayepika. Halafu mama anasema polepole, "I cook rice."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimgombeza. Mwezi ulikuwa unakimbia, na mama bado alikuwa akichanganya jana na kesho, anasema amefua nguo za wiki ijayo. Usiku nilikuwa nahesabu mabati ya dari.

Lakini alishika, jameni. Mwezi ukielekea ukingoni alikuwa akiulizwa anajibu, jana kwa jana yake na kesho kwa kesho yake, na sauti inatoka kwenye mabati bila kutetemeka. Nikaanza kupata usingizi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona kosa tulilokuwa tukifanya.

Jumamosi hiyo sikwenda Kenyatta Market, ninakosuka watu nywele. Nilimsindikiza mama. Shem naye alikuja, lakini ng'ambo ya barabara, hatua nyingi nyuma yetu, akabaki nje ya geti. Ndani tulimkuta mpangaji mpya na mkewe. Bwana alikuwa kijana wa rika la Shem, mtu mpole tu. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mama, magoti kwa magoti, akamtazama machoni akitabasamu, akamuuliza jina lake.

Mama akatazama sakafu. Kiingereza chake chote alikuwa amekisoma akitazama gazeti ukutani, bila uso wa mtu. Sasa huu hapa uso, wa mwanamume anayeweza kuwa mkwe wake, umemkaribia hivi. Yule kijana akarudia swali taratibu. Mama akageuza bega, macho yanatafuta ukuta. Nilipotaka kumjibia, niliambiwa kwa adabu nimwache ajibu mwenyewe. Nikaomba basi wageuze kiti cha mama aelekee ukutani. Wakatazamana, nikaona wameshanihesabu kichaa. Akaulizwa kama anapika. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

Wakamshukuru. Wakasema watatafuta mwingine, na chumba kiwe wazi kufikia jioni.

Mama alifungasha vitu vyake. Tulipotoka getini alilaza godoro ukingoni mwa barabara, akaniambia niende zangu, yeye atajua. Atajua nini? Atajulia wapi? Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya mlinzi, nikamfokea kwa woga, kwa sababu giza lilikuwa linaingia na sikuwa na pa kumpeleka. Nikamfokea na Shem, aliyesimama kule ng'ambo akitazama miti.

"Kama heshima ndiyo hii," nikasema, "mimi niiteni mkosa adabu."

Shem akavuka barabara. Nilidhani anakuja kuninyamazisha. Akanipita, akasimama mbele ya mama, karibu kama alivyokaa yule kijana, akainua macho. Alianza kwa Kimaragoli, neno likamkwama. Akajaribu Kiswahili, likakwama tena. Mwisho alishika lugha ambayo wazee wetu hawakuiwekea mwiko wowote.

"Mother," akasema, "you will sleep in our house."

Mama alimtazama. Usoni kabisa, kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa. Alishika mkanda wa begi, wala hakugeuka kutafuta ukuta.

"And you?" akamuuliza. "Where will you sleep?"

Shem akamjibu kwamba atalala shuleni, darasani kwake, mpaka tupate chumba cha pili. Akainama akajitwika godoro. Mimi nilikuwa nimeshakaa chini pale barabarani nikilia kama mtoto, na wote wawili ikabidi waningoje.