Kufuata Baiskeli Nyuma ya Karavani

Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilimjua mume wangu kwa mgongo wa karavani. Yeye alitangulia na pikapu akilivuta lile karavani letu kuukuu, nami nikamfuata na gari langu dogo, macho yameganda kwenye baiskeli zilizofungwa nyuma. Kutoka nyumbani Wamagana hadi Nanyuki sikuona mlima wala mashamba ya ngano. Niliona magurudumu, pedali na mikanda. Ukiniuliza ni nyumba gani mpya zimejengwa kando ya barabara ile, sina la kukuambia.

Kazi yetu ni kukodisha baiskeli. Wako watu wanaotoka mjini mwisho wa juma wakitaka kuzunguka vijia vya msitu na kupiga picha, na sisi ndio huwapa za kuendesha. Karavani tulilinunua kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa akiuza vyake ili arudi kwao. Ndani lina vitanda viwili, jiko la gesi, na harufu ya mbwa ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Ijumaa tunapanda nalo Nanyuki, tunaliegesha upande wa wauza mifugo, tunalala humo mpaka Jumapili. Baiskeli nyingi husafiri ndani, zimelazwa sakafuni juu ya magurudumu ya karavani. Chache tu ndizo hupanda keria ya nyuma. Watu hutuuliza kwa nini tusizipange zote huko nyuma tukaachia nafasi ndani. Ukilijaza karavani mkia, linaanza kuyumba, na likishaanza kuyumba huna la kufanya ila kuomba.

Hayo nayajua sasa. Zamani nilikuwa abiria tu, naketi mbele na binti yetu katikati, nakula karanga.

Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba nyuma ya karavani ni mahali pabaya kuliko nyuma ya gari. Gari likipita tuta huinuka na kutua. Karavani likipita tuta lilo hilo, mkia wake hurushwa, na kila kilichoning'inia mkiani hurushwa nao. Tena dereva haoni chochote. Kioo chake kinamwonyesha ubavu wa karavani na kipande cha barabara, basi. Kinachoendelea kule nyuma wanakiona wengine.

Siku moja wakati huo tulikuwa tukirudi nyumbani kutoka mashindano fulani huko chini. Tulisimama mji mdogo wa Kenol tule. Mume wangu alikutana na mtu aliyetaka kuona baiskeli moja, akaiteremsha, wakaenda nayo, wakarudi, kisha wakaenda kuosha koo, kama alivyokuwa akiita. Walipomaliza kuosha koo jua lilikuwa limeshuka, naye akairudisha baiskeli kwenye keria kwa haraka. Hakutumia mikanda. Alitumia blada.

Blada ni tyubu kuukuu iliyokatwa vipande virefu, na kwetu hakuna kisichofungwa kwa blada: mitungi ya maziwa, majani ya ng'ombe, makochi, hata jeneza nimeona. Hushika vizuri kitu kilichotulia. Lakini blada huvutika. Kitu kikirushwa, inakiachia kidogo, kisha inakirudisha, inakiachia tena kidogo zaidi. Keria yenyewe ilikuwa imechomelewa kwenye bampa ya karavani, na bampa hiyo ni bati tu lililokunjwa likapakwa rangi.

Tuliondoka Kenol redio ikiimba. Mbele kidogo lori likatupita likipiga honi na kuwasha taa, dereva wake akitupa mkono nje ya dirisha. Nilimtukana. Nilisema watu wa malori wanadhani barabara ni ya mama yao. Alipunguza mwendo mbele yetu, akazidi kuonyesha nyuma, hadi mume wangu akasimama. Tulipozunguka karavani tukakuta keria imening'inia upande mmoja na baiskeli moja haipo.

Tulirudi. Watu walikuwa wameshakusanyika. Mwendesha boda alikuwa ameketi ukingoni akishika goti, na abiria wake, mama wa umri wangu, alikuwa kwenye nyasi, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa akiuliza kiatu chake kiko wapi. Hakuuliza habari ya mkono. Aliuliza kiatu, akauliza tena, na ndizi zake zilikuwa zimetapakaa barabarani karibu na baiskeli yetu.

Hakufa mtu. Mkono ulifungwa, ukapona, ingawa aliniambia baadaye kwamba kukiwa na baridi unamuuma. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Mume wangu alikwenda pia, lakini alikuwa akisimama mlangoni.

Nilimchukia. Nasema ukweli, kwa majuma kadhaa nilimchukia hata namna alivyokuwa akikoroga chai. Hakuacha pombe siku ile, kama wanavyoachaga watu katika ushuhuda wa kanisani. Aliacha baadaye, bila kutangaza. Nilitambua tu kwamba Jumanne jioni anakwenda Nyeri mjini, kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa ambapo watu kama yeye huketi na kuzungumza. Nilifurahi. Lakini nilifurahi huku nikimnusa akiingia mlangoni.

Kazi ya kufunga baiskeli nikaichukua mimi. Hatukujadiliana. Siku ya kwanza nilitoka nikakuta ameanza kuzipanga, nikachukua mkanda mkononi mwake, naye akauachia. Keria aliitengeneza upya yeye mwenyewe na fundi wa kuchomelea, safari hii ikashikwa kwenye chesisi, fremu ya chini ya karavani, kwa vyuma viwili vinene, na ubao wa taa ukawekwa nyuma ya baiskeli ili wanaotufuata waone breki. Kufunga kukawa kwangu. Nilijifunza kutia vipande vya jinzi kuukuu kati ya fremu na fremu, kulifunga gurudumu la mbele lisizunguke na upepo, kuukaza mkanda hadi ukitikisa baiskeli karavani zima litikisike nayo. Kisha nikanunua kigari changu, nikaanza kumfuata.

Watu walitusifu. Walisema tuko makini. Mchungaji alisema ni vizuri mume na mke kusafiri pamoja. Mimi nilikuwa polisi, na mfungwa wangu alijua.

Sasa, Ijumaa ninayotaka kuisimulia, nilikuwa nimebanwa kidole gumba na geti la ng'ombe. Kilivimba hadi sikuweza hata kufunga kifungo cha sweta. Mume wangu alikitazama kidole, akaitazama mikanda iliyokuwa begani mwangu, akanyoosha mkono. Nikampa.

Nilisimama nyuma yake muda wote kama karani wa soko. Alifunga polepole. Alitoa chupa za maji kwenye fremu, jambo ambalo mimi husahau. Alitia jinzi, akafunga usukani, akakunja ncha za mikanda zisipepee. Nilikuwa nikitafuta kosa, na kila nilipolikosa nilizidi kukasirika. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache anipishe. Nikazitikisa zote, moja moja, kwa mkono wangu mzima. Karavani likatikisika. Binti yetu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nyumba akifunga viatu, akituangalia.

Tulipopita Nyeri mjini aliniuliza, "Mum, kwani ni kwa nini sisi hufuatanga Daddy?"

Nikamwambia tunalinda baiskeli.

Akaanza kumenya chungwa. "Na yeye anajua tunamwangaliaga hivyo?"

Nilimwambia afunge dirisha, baridi inaingia. Nikasogelea karavani zaidi. Baiskeli ya mwisho, ya buluu, ilikuwa na kamba fulani iliyotikisika chini ya kiti, na nilitaka kujua kama ni kamba tu au ni mkanda unalegea. Nikasogea tena. Nilikuwa karibu kiasi cha kusoma maandishi kwenye tairi. Kila tuta lililokuja, mkia wa karavani uliruka, baiskeli zikaruka nao, na moyo wangu ukaruka, mguu juu ya breki, kidole kikinipwita. Nilikuwa nikisema kwa sauti, taratibu, taratibu, kama anayeongea na ng'ombe.

Tulipofika Kiganjo mume wangu akawasha taa ya kushoto na kusimama kando. Hiyo ilikuwa kawaida: mikanda hulegea kidogo baada ya mwendo wa kwanza, lazima ikazwe tena. Nikasimama nyuma yake. Alishuka, akaziendea baiskeli, akakaza mkanda mmoja, mwingine, akavuta ile kamba chini ya kiti cha buluu akaitoa na kuitia mfukoni. Kisha akaja kwenye dirisha langu. Nilidhani atanilaumu kwamba simwamini, na nilikuwa na majibu tayari, mengi, nilikuwa nimeyaweka akiba tangu Kenol.

Akainama. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yetu.

"Mama, hebu pita mbele," akaniambia.

Nikamuuliza kwa nini.

"Unanifuata karibu sana. Nimeifunga poa, lakini tuseme mkanda ukatike. Itaangukia nani?"

Binti yetu alikuwa kiti cha mbele, miguu yake juu ya begi la mkate, akila chungwa. Kati ya kioo cha mbele cha gari langu na baiskeli ile ya buluu palikuwa na nafasi ambayo mwanamke fulani kule Kenol hakuwa nayo ya kutosha, na mimi kwa muda huu wote nilikuwa nikiipunguza mwenyewe, nikimweka mtoto wangu hapo. Nilitaka kusema kwamba nilikuwa nikiwalinda watu wengine wa barabarani, na ni kweli, lakini haikuwa kweli yote. Nilikuwa namlinda yeye asinidanganye.

Nikapita mbele.

Ni jambo gumu kuendesha gari huku unachokiogopa kiko nyuma yako. Kila mara nilitazama kwenye kioo, nikatafuta baiskeli, na baiskeli hazionekani kutoka mbele. Karavani zima linazificha. Kilichoonekana ni pikapu, na ndani ya pikapu, uso wa mume wangu.

Sikuwa nimeutazama uso ule muda mrefu. Nilikuwa nimeunusa, nimeukagua macho kama ni mekundu, lakini kuutazama, hapana. Alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimeingia juu ya masikio yake pande zote mbili na hakuna aliyeniambia. Alishika usukani kwa mikono miwili, amejiinamisha mbele, na kila tulipofika kwenye tuta niliona midomo yake ikisogea. Alipunguza mwendo mpaka karibu asimame, akalipita tuta kwa gurudumu moja moja, kisha macho yake yakaenda kwenye kioo chake cha pembeni, ambacho najua hakimwonyeshi kitu, yakarudi mbele. Tuta lililofuata, hivyo hivyo. Alikuwa na hofu. Niligundua kwamba kwa muda wote ule nilipokuwa nyuma yake nikiogopa peke yangu, yeye alikuwa huko mbele akiogopa vilevile, na hakuna kati yetu aliyekuwa amemwambia mwenzake.

Nililia kidogo pale Naro Moru. Binti yetu akanipa kipande cha chungwa.

Tulifika Nanyuki kabla wauza mbuzi hawajafungua vizuri. Niliegesha, nikashuka, na ningependa kusema kwamba nilimwendea mume wangu. Sivyo. Miguu ilinipeleka nyuma ya karavani yenyewe. Nilishika ile baiskeli ya kwanza nikaitikisa. Nikashika ya pili. Zote zilikuwa imara, mikanda imelala vile vile alivyoikunja, jinzi zipo mahali pake, na mimi bado nilikuwa nikitikisa, sasa kwa mikono miwili, kidole kikiwaka moto, wakati niliposikia mlango wa pikapu ukifungwa.

Alikuja akasimama pembeni. Niliacha. Nilishindwa pa kuweka mikono yangu.

"Angalia tu," akasema. Sauti yake haikuwa na hasira. "Hata mimi kila asubuhi najiangalianga hivyo. Nione kama bado nimeshika."

Mwaka mzima nilikuwa nimemuuliza maswali ya kila namna: ulikuwa wapi, na nani, mbona umechelewa, hebu hema hapa. Hilo la kushika sikuwahi kumuuliza. Nikamuuliza sasa, nimeegemea gurudumu la baiskeli ya buluu, kwa sauti ambayo sikuifahamu kuwa ni yangu.

"Na leo?"

Aliitazama mikanda.

"Leo bado haijaisha," akasema, akaanza kufungua mkanda wa kwanza.